Gari la kambi katika baridi ya Kigezi na Elgon: dalili, sababu na matengenezo

Kampala iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ilhali Ziwa Bunyonyi liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kutoka Kabale kwenda Kisoro, katika eneo la Kigezi kusini-magharibi mwa Uganda, hupanda zaidi ya hapo inapokatiza msitu wa Echuya. Katika usiku wa Juni na Julai, mbingu zikiwa wazi, joto la Kabale hushuka hadi karibu nyuzi 10 na mara nyingine chini yake. Anayelala garini Sipi au Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, anaijua hali hiyo. Hii si baridi ya kupasua mabomba ya maji, kwa hiyo ushauri wa kumwaga maji yote ya tanki kabla ya safari, ambao uliandikwa kwa ajili ya nchi za theluji, haukuhusu. Baridi yetu hufanya kazi nyingine: hutoa nje kasoro ambazo joto la Kampala lilizificha kwa miezi mingi, tena huzitoa alfajiri, mahali ambapo fundi yuko mbali.

Mwongozo huu unahusu basi dogo lililowekewa kitanda, jiko la gesi na betri ya pili, pamoja na magari ya aina ya Land Cruiser au pikapu yenye hema juu ya paa. Katika kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia, na ile ya nadra imewekwa mwisho. Vifaa vya ukaguzi ni vichache: multimita, tochi, spana, fyuzi za akiba na waya nene za kuchangia chaji.

Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, usingizi ni mzito kupita kawaida

Dalili hii inatangulia nyingine zote kwa sababu inaweza kuua kabla ya mapambazuko. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamshwi nayo.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni sigiri iliyoingizwa garini au hemani ili kupasha joto. Wengi huamini kwamba mkaa ukishashika, moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu, hatari imepita. Si kweli hata kidogo, kwani makaa yasiyo na moshi huendelea kutoa gesi hiyo kwa wingi, na hata yale yanayoonekana kufa chini ya majivu bado huitoa. Sababu ya pili ni jiko la gesi la kupikia lililoachwa likiwaka ili liwe hita, huku madirisha yamefungwa. Ya tatu ni injini iliyoachwa ikinguruma wakati watu wamelala, hasa gari lilipoegeshwa nyuma likielekea ukingo wa udongo au majani marefu, au bomba la moshi lilipotoboka chini ya sakafu. Ya mwisho ni hita ya dizeli ambayo kiungo cha bomba lake la moshi kimelegea.

Hapa hakuna ukaguzi wa kutangulia. Toa watu wote nje kwanza, acha milango wazi, kisha zima chanzo ikiwa unaweza kukifikia bila kukaa ndani. Mwenye kizunguzungu, aliyechanganyikiwa au aliyezimia apelekwe hospitali mara moja. Nambari za dharura nchini Uganda ni 999 na 112. Asirudi kulala kwa sababu tu amepata nafuu baada ya kuvuta hewa safi. Ni kweli kwamba mwinuko nao huweza kumwumiza mtu kichwa, lakini usichague maelezo hayo ukiwa ndani ya gari lililofungwa, na hasa usiyachague ikiwa watu wawili wanaumwa kwa wakati mmoja.

Kinga yake ni kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri, ifungwe karibu na kichwa cha kitanda na ijaribiwe kabla ya kila safari. Kama bajeti ya safari inatosha kifaa kimoja tu kipya, kinunuliwe hicho.

Injini haiwaki asubuhi

Sikiliza kwanza jinsi stata inavyofanya kazi, kwa kuwa sauti yake inagawa tatizo hili katika njia mbili tofauti kabisa.

Ikiwa stata inazunguka kwa uvivu, au inatoa mlio wa "tak" na kunyamaza, tatizo liko kwenye umeme. Betri ya asidi hupoteza sehemu ya nguvu zake joto linaposhuka, na wakati huohuo oili nzito huifanya injini iwe ngumu kuzungushwa. Betri iliyochakaa, ambayo Kampala iliweza kuwasha gari bila kulalamika, haina akiba ya kubeba mizigo hiyo miwili. Anza kwenye vichwa vya betri: vikiwa na unga mweupe au wa kijani, au vikicheza ukivishika, vifungue, visafishe kwa maji ya moto na brashi, kisha uvikaze vizuri. Halafu pima. Betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma volti 12.6 au zaidi, 12.2 ina maana karibu nusu imekwisha; chini ya 12 haina kitu cha maana. Gari likishawaka, volti zinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Zisipopanda, betri haina kosa, bali alteneta (jenereta ya injini inayochaji betri) au mkanda wake haufanyi kazi, na kununua betri mpya kutakupa siku moja tu ya kujidanganya.

Unapochangia chaji kutoka gari jingine, unganisha waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima, halafu waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini iliyokufa, mbali na betri. Kabla ya hayo hakikisha aina ya mfumo. Baadhi ya magari makubwa ya dizeli kutoka Japani yana betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24, na kuyachanganya na gari la volti 12 bila kujua kunaunguza vifaa vya magari yote mawili.

Ikiwa stata inazunguka kwa kasi nzuri lakini injini ya dizeli haishiki, au inashika huku ikitetemeka na kutoa moshi mweupe, shaka ya kwanza iwe kwenye plagi za kupashia joto, ambazo mafundi huziita hita plagi. Mjini hata plagi mbili zikifa, dereva huenda asijue, kwa kuwa injini haihitaji msaada mkubwa. Kwenye nyuzi 8 inauhitaji. Subiri taa ya plagi izimike kwenye dashibodi kabla ya kupiga stata. Injini isipowaka, rudia kuwasha swichi mara mbili au tatu bila kupiga stata. Hilo likisaidia, umepata mwelekeo. Ukaguzi wa ndani zaidi ni kutoa bamba linalounganisha plagi na kupima kila moja kwa multimita: plagi nzima husoma ukinzani mdogo sana, mara nyingi wa karibu omu 1 au chini yake, na iliyokufa haipitishi umeme kabisa. Plagi zote zikiwa nzima, tazama fyuzi na relai yake.

Baada ya plagi, angalia maji kwenye dizeli. Tanki lililoachwa nusu hupumua hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone ndani yake; ndiyo sababu inafaa kujaza tanki jioni, kabla ya kupanda mlima. Fungua skrubu iliyo chini ya chujio la dizeli, kinga kwa chupa inayoonyesha ndani, na uache mpaka itoke dizeli safi. Sababu ya nadra kuliko zote ni nta ya dizeli yenyewe kuanza kuganda kwenye chujio, maana dizeli inayouzwa katika nchi za joto haikutayarishwa kama ile ya majira ya baridi ya Ulaya. Jua likipanda na gari likawaka bila kuguswa, hiyo ni dalili yake. Usichanganye mafuta ya taa kwenye tanki ili kulikinga, kwani yanaipunguzia pampu ya sindano ulainisho inaoutegemea, na pampu hiyo ni ghali kuliko usiku mmoja wa kusubiri.

Kwa injini ya petroli, mpangilio ni mfupi: betri, plagi za moto zilizochakaa, kisha kihisi cha joto la injini.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, na uipumzishe angalau nusu dakika kabla ya kurudia. Usipulize dawa ya etha kwenye mdomo wa hewa wa injini yenye hita plagi, kwa sababu inaweza kulipuka ndani ya bomba la hewa. Usiwashe moto chini ya tanki la oili, hata kama dereva jirani anakuhakikishia kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya siku zote. Ukisikia kugongana kwa chuma, ukiona oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe ukiendelea hata baada ya injini kupata moto, zima gari na umwite fundi alifuate hapo lilipo.

Hita ya gari inapuliza hewa baridi

Malalamiko haya ni mengi kuliko yanavyopaswa kuwa, na chanzo chake cha kwanza si baridi bali ni gereji. Gari linapochemka mjini, dawa ya haraka katika gereji nyingi ni kuondoa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata moto, na mteja hurudishiwa gari lake akiwa na furaha kwa sababu sindano ya joto haipandi tena. Sindano hiyo haipandi kwa kuwa maji yanazunguka kwenye rejeta bila kusubiri injini ipate moto. Kabale injini ya namna hiyo huendeshwa ikiwa baridi kutwa nzima, inakula mafuta mengi, oili yake inachafuka upesi, na hita ya ndani haina joto la kupuliza. Ukaguzi ni rahisi: endesha dakika 15 hadi 20, kisha uangalie kama sindano imefika mahali pake pa kawaida. Ikibaki chini, uliza wazi kama thamostati ipo, na kama haipo irudishwe mpya yenye nyuzi zilezile zilizopendekezwa kwa injini hiyo. Kama gari lilikuwa likichemka kwa kweli, kasoro yake bado ipo na inasubiri. Lazima itafutwe kwenye rejeta, feni au pampu ya maji kabla ya safari.

Sindano ikiwa sawa lakini hewa bado ni baridi, tazama kiwango cha maji ya rejeta, kwani yakipungua ni hita inayokosa kwanza. Kisha fuata mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Yote miwili ikiwa ya moto, mlango wa hewa ndani ya dashibodi umekwama. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, kiini cha hita kimeziba. Na ukikuta mipira hiyo imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, basi mtu aliyekuwa na gari kabla yako alikwepa kiini kilichovuja badala ya kukibadilisha.

Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Harufu tamu ndani ya gari, pamoja na zulia lililolowa upande wa abiria, ni ishara ya kiini kinachovuja, na kazi ya kukibadilisha ni ya fundi kwa sababu mara nyingi dashibodi yote hufunguliwa.

Betri ya pili inakwisha kabla ya alfajiri

Hesabu inaeleza mengi. Betri ya asidi ya ampia-saa 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu yake ikiwa inatakiwa kudumu, kwa hiyo una takriban 50. Blanketi la umeme la volti 12 linalovuta ampia 4 kwa saa 8 linakula 32. Ongeza friji, taa, chaji za simu na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) iliyoachwa wazi bila kazi, na saa kumi usiku hakuna kilichobaki. Basi sababu ya kwanza ni matumizi, na ukaguzi wa kwanza ni kuzima kila kitu usichokihitaji, ukianza na inveta.

Sababu ya pili ni kwamba betri haikujaa tangu mwanzo. Paneli ya sola iliyotosha kabisa katika hifadhi ya Ziwa Mburo haitoi hata nusu ya nguvu zake katika ukungu wa asubuhi wa Bunyonyi au chini ya miti. Safari ndefu kutoka Kampala nayo huenda isiijaze betri ya pili ikiwa waya unaotoka kwenye alteneta ni mwembamba: pima volti kwenye betri ya kwanza na ya pili injini ikiwa inanguruma, na tofauti ikizidi nusu volti, waya, fyuzi au relai ya kutenganisha ina kasoro. Waya mnene, au chaja maalumu ya kuhamisha umeme kutoka betri hadi betri, huliondoa tatizo hilo.

Betri iliyopimwa jioni ikasoma 12.7, kisha ikaanguka chini ya 12 kwa mzigo mdogo wa saa moja, imezeeka na haifufuliwi. Betri iliyovimba, inayonuka kama mayai yaliyooza au iliyo ya moto mkononi isiendelee kuchajiwa. Fungua madirisha, kata chaji, usiwashe kiberiti karibu nayo, na umwachie fundi wa umeme kuitoa.

Moto wa gesi ni hafifu asubuhi

Kabla ya kulaumu mtungi, upime uzito wake au uutikise kidogo, maana mara nyingi umekaribia kuisha. Ukiwa bado mzito, fahamu kilichomo ndani. Gesi ya kupikia ni butani, propani au mchanganyiko wa hizo mbili. Butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, na kadiri joto linavyoikaribia nyuzi hiyo ndivyo shinikizo ndani ya mtungi linavyopungua. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi yetu haiisumbui. Tena gesi inapogeuka mvuke huupoza mtungi wenyewe, na ndiyo sababu mtungi mdogo hulowa jasho na kuwa baridi sana wakati jiko linatumika kwa muda mrefu. Vikebe vidogo vya kambi, ambavyo vingi vina butani tupu, ndivyo huonyesha udhaifu huu mapema.

Tiba ya kawaida ni kuuweka mtungi mahali ambapo jua la asubuhi linaufikia, au kusubiri. Mtungi mdogo unaweza kusimamishwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida. Moto, maji yanayochemka na makaa visiusogelee kamwe. Ukipanga safari nyingi za milimani, muulize muuzaji mchanganyiko wenye propani zaidi.

Moto wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria ni jambo jingine: tundu la jiko limeziba kwa vumbi au wadudu, au hewa haitoshi. Safisha tundu kwa pumzi au brashi laini, si kwa sindano, ambayo hulipanua. Ukisikia harufu ya gesi, funga vali, zima kila moto, usiguse swichi yoyote ya umeme na ufungue milango. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Mpira na viungo vyake hukaguliwa kwa povu la sabuni. Kikitokea kipovu kwenye regulata au vali ya mtungi, usijaribu kukaza kwa nguvu: toa mtungi nje, uuweke mbali na watu, na uupeleke kwa wakala wa gesi.

Maharage yanayochelewa kuiva si kosa la gesi. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye takriban nyuzi 93, kwa hiyo loweka usiku kucha au tumia sufuria ya mvuke.

Matone kwenye kuta na matandiko mabichi

Watu wawili waliolala hutoa karibu nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho, na kila kilo ya gesi inayochomwa huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Mvuke huo ukigusa bati baridi hugeuka matone. Sababu kuu ni kufunga kila mwanya kwa hofu ya baridi. Tiba yake ni kuacha pengo dogo sehemu mbili, moja chini na moja juu, hata kama inakubidi kuongeza blanketi. Nguo zilizolowa na viatu vya tope vilale nje ya chumba cha kulala. Godoro likiwa juu ya ubao mtupu, liinue kwa vipande vya mbao ili hewa ipite chini yake. Kama unyevu uko mahali pamoja tu na unaongezeka mvua inaponyesha, hilo ni vujo la paa au la mpira wa dirisha, na halitakoma kwa kufungua madirisha.

Hita ya dizeli inatoa moshi au inajizima

Hita hizi ndogo za volti 12 zimeanza kuonekana kwenye magari yetu, na mara nyingi hujaribiwa Kampala na kushindwa Kabale. Sababu ya kwanza ni umeme: plagi yake huvuta ampia 8 hadi 10 inapowaka, na betri iliyolegea au waya mwembamba huifanya ijizime. Ya pili ni mwinuko. Kwenye mita 2,000 hewa ina takriban asilimia 80 ya shinikizo la pwani, lakini pampu huendelea kutuma dizeli ileile, hivyo mafuta yanazidi hewa na masizi yanajaa chumba cha moto. Kama kidhibiti kina mpangilio wa milimani, uwashe. Kama hakina, kiwango cha pampu kipunguzwe kwa kufuata kitabu chake. Ya tatu ni mdomo wa hewa au wa moshi ulioziba kwa tope.

Usikate umeme wake ghafla. Izime kwa swichi yake na uiache ipoe yenyewe. Iendeshe kwa nguvu kamili dakika 15 hivi kabla ya kuizima, kwa sababu kuiacha kwenye moto mdogo usiku kucha kunaijaza masizi. Moshi mweusi usioisha, harufu ya moshi ndani ya gari au kengele kulia hata mara moja ni mwisho wa matumizi yake katika safari hiyo. Irudishe kwa aliyeifunga, akague bomba la moshi kuanzia hita hadi ncha yake ya nje, na mpaka hapo mlale kwa blanketi.